Yai la Kasa na Mkono wa Binadamu

Mayai ya kuku tumeyazoea mno hata twadhani tumeyajua mayai yote. Mtoto wa shamba ajua tangu udogoni kwamba kuku akiatamia huyageuzageuza mayai yake, na kwamba yai lililolala upande mmoja siku nyingi si la kutumainiwa. Wamisri wa kale waliyajua mambo haya vizuri, wakawa hodari wa kutotoa mayai kwa wingi pasipo kuku. Na Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ameandika habari za mayai ya Misri yaliyofukiwa katika samadi yakaanguliwa. Elimu hiyo ni ya kale, nayo ni ya kweli. Lakini ni elimu ya ndege. Binadamu alipoichukua akaipeleka kwa wanyama watambaao, aliua kile alichotaka kukiokoa, na miaka mingi ilipita kabla hajatambua kwamba muuaji alikuwa ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo historia nitakayokusimulia, msomaji, na ili usiione kuwa ni ya nchi za mbali tutaianza Chale.

Ukishuka kusini kutoka Diani kwa njia iendayo Msambweni, ukapita Kinondo, utakikuta kisiwa cha Chale kimelala karibu sana na bara, mbele ya ghuba ya Gazi na mikoko yake. Maji yakijaa hukifikii ila kwa chombo. Yakipwa, mlango wa bahari hupungua hata trekta huvuka. Juu ya mawe yake ya matumbawe mna msitu ambao Wadigo wauhesabu kuwa kaya, yaani mahali pa heshima ambapo mtu hakati mti wala haokoti kitu akaenda nacho. Kaya Kinondo, jirani yake wa bara, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Kando ya msitu huo kuna mchanga mweupe, na mchanga huo una wageni wake wa usiku.

Kasa jike hutoka baharini kukiwa giza. Hujikokota kwa mapezi yake mpaka juu ya alama ya maji ya bamvua, akautifua mchanga kwa mapezi ya mbele, kisha kwa yale ya nyuma akachimba shimo mfano wa mtungi, jembamba shingoni na pana tumboni. Macho yake hutoka machozi, na wengi wamesema kwamba hulia kwa uchungu. Kweli ni kuwa hutoa chumvi iliyozidi mwilini kwa njia hiyo, naye hulia vivyo hivyo akiwa baharini, ila huko hakuna amwonaye. Katika shimo lake hutaga mayai 100 au zaidi kidogo, meupe, ya mviringo, makubwa kama mpira wa tenisi ya mezani, yenye ganda laini lisilopasuka yakidondokeana. Huyafunika, huutawanya mchanga kuwapoteza maadui, kisha hurudi baharini, wala hatayaona tena. Baada ya wiki mbili hivi huja akataga mengine, na hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Halafu hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Mayai hukaa mchangani siku zipatazo 50 hadi 60, na jua ndilo liyaatamialo.

Katika fuo za Kenya wengi wanaotaga ni kasa wa kawaida, ambaye mafuta ya mwilini mwake yana rangi ya kijani. Yuko pia ng'amba, mwenye gamba la thamani, na kasa kigome, ambaye ni mdogo kuliko hao. Wengine wawili, duvi na noa, hupita baharini kwetu wakitafuta chakula.

Watu wa pwani hii wamejuana na kasa tangu zamani sana. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara mmoja katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kimetaja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizopatikana Rhapta, soko la mwisho alilolijua katika Afrika ya Mashariki. Kimeeleza tena jinsi watu wa kisiwa kiitwacho Menuthias walivyowanasa kasa kwa vyombo vya kusukwa, wakiviweka penye midomo ya hori badala ya nyavu. Wanachuoni hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini mwana wa pwani akiyasoma maneno hayo atalikumbuka dema mara moja. Miaka 1,800 baadaye, yaani mwaka 1884, Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Kiingereza Unguja, aliwaandikia wataalamu wa wanyama wa London habari za wavuvi waliofuga samaki aitwaye chazo. Samaki huyo ana kigandamizi kichwani. Wavuvi walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, naye akamganda kasa mgongoni mpaka akavutwa chomboni. Naona mashaka kama yuko mvuvi popote duniani aliyebuni ndoana yenye uhai iliyo bora kuliko hiyo.

Magamba ya ng'amba yalikwenda Arabuni, Bara Hindi na Ulaya, yakafanywa vitana na visanduku. Nyama ililiwa, mafuta yalitiwa katika dawa, na mayai yalichimbwa yakaliwa. Katika muda wote huo hakuna aliyehitaji kujua jinsi yai la kasa linavyoatamiwa. Mwenye kula yai hana haja ya kuuliza ndani yake mnafanyika nini. Swali hilo huulizwa na yule tu atakaye lianguliwe, na mtu wa namna hiyo alichelewa kuzaliwa.

Hakuzaliwa kwetu. Alizaliwa mahali ambapo mayai yaliliwa kwa wingi kuliko kwetu, nako ni Kusini-Mashariki ya Asia. Katika visiwa vidogo vya Sarawak, kaskazini ya Borneo, mayai ya kasa yalikusanywa kila mwaka kwa mamia ya maelfu, yakauzwa sokoni kama tuuzavyo mayai ya kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tom Harrisson, msimamizi wa makumbusho ya Sarawak, na John Hendrickson, mtaalamu wa elimu ya wanyama, waliona kwamba mavuno hayo yatakuwa na mwisho. Wakatenga sehemu ya mayai, wakayafukia upya ndani ya ua uliolindwa, wakangoja. Vitoto vilitoka, na Hendrickson akachapisha matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1958. Fikira ya ua wa kutotolea mayai ikaenea kutoka bahari hata bahari, kwa sababu ilikuwa nyepesi kuelewa na nzuri kutazama. Yai li hatarini ufuoni, basi lichukue ulitie mahali pa salama. Nani angeweza kubisha?

Lakini katika nyua nyingi lilionekana jambo la kuhuzunisha. Kiota kilichoachwa pale kasa alipokichimba, kisipofikiwa na maji wala mwizi, mara nyingi kilitoa vitoto vingi. Na mayai ya kasa yule yule, yakihamishwa kwa uangalifu na kulindwa usiku na mchana, mara nyingine yaliharibika nusu, au zaidi ya nusu. Watu walilaumu mchanga, wakalaumu wadudu na ukungu. Mwaka 1979 Colin Limpus, mtaalamu wa Queensland, Australia, alionyesha kwa majaribio kwamba mwenye kulaumiwa ni mkono uliobeba. Aliyahamisha mayai ya duvi kwa nyakati mbalimbali baada ya kutagwa, akaona kwamba yaliyohamishwa katika saa chache za mwanzo hayakudhurika sana, lakini yaliyosogezwa na kugeuzwa baada ya hapo yalikufa kwa wingi.

Nakuomba uvumilie kidogo, msomaji, tulipasue yai kwa fikira, kwa maana bila ya kuona ndani hutafahamu kwa nini. Katika yai la kuku kiini cha manjano kimeshikwa katikati kwa nyuzi mbili za ute uliosokotwa, moja kila upande. Yai likigeuzwa, nyuzi hizo hukiacha kiini kizunguke pasipo kugonga ganda. Tena kuku hulazimika kuligeuza ili kijusi kisigande mahali pasipofaa. Yai la kasa halina nyuzi hizo. Likiwa tumboni mwa mama yake ukuaji wake husimama kwa kukosa hewa ya kutosha. Likitagwa likapata hewa huanza tena. Kijusi, ambacho wakati huo ni doa tu, hupanda juu ya kiini, na baada ya saa chache utando wake hushikamana na ngozi ya ndani ya ganda. Hapo ndipo avutapo pumzi yake ya kwanza, kama neno hilo laruhusiwa kwa kiumbe asiye na mapafu bado. Ukilitazama ganda kwa nje utaona sehemu ya juu imeanza kuwa nyeupe zaidi kuliko kwingine. Ni alama ya mshikamano huo. Mtu akija siku ya tatu akaligeuza yai, huupasua utando. Yai halivunjiki, halivuji, wala halinuki. Hubaki zuri machoni siku nyingi, na ndani yake mmekwisha kufa. Si ajabu basi kwamba waliofanya makosa hawakujiona kuwa wamekosa.

Sheria hii si ya kasa peke yake. Mayai ya mamba, ya kobe na ya nyoka hayapendi kugeuzwa. Chatu jike hujizungusha juu ya mayai yake akayalinda, lakini hayageuzi kama kuku afanyavyo. Kwa sababu hiyo wafugao mamba, kabla ya kuinua yai lolote kutoka katika kiota, huliandika alama ya penseli laini upande wake wa juu, ili lilale katika sanduku kama lilivyolala ardhini.

Basi anayehamisha mayai ya kasa siku hizi hutakiwa kwanza awe na ruhusa na mafunzo, kwa kuwa mayai hayo yamelindwa na sheria; na pili hutakiwa awe mwepesi wa kuanza na mzito wa kutenda. Afadhali ayahamishe katika saa mbili za mwanzo tangu kutagwa. Saa hizo zikimpita, na kiota kikawa hakina budi kuhamishwa, huinua yai moja moja pasipo kulizungusha, akalibeba kama abebaye kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Huvaa glavu safi. Wala hashiki mayai kwa mikono yenye sabuni, mafuta ya ngozi au dawa ya mbu, kwa sababu ganda lile laini hupitisha hewa na maji, na lipitishalo hewa laweza kupitisha na sumu. Glavu humfaa na yeye pia, maana wanyama watambaao huchukua vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo huweza kumwumiza mtu tumbo vibaya, akimaliza hunawa.

Ndoo huwekewa mchanga wenye unyevu uliotoka katika kiota chenyewe, kisha hufunikwa jua lisipige. Shimo jipya huchimbwa kabla mayai hayajafika, nalo hupimwa kwa kijiti kilichotiwa alama, lilingane kwa kina na shimo la mama, ambalo kwa kasa wa kawaida mara nyingi huwa sentimita 60 hadi 80. Ng'amba huchimba shimo fupi kuliko hilo. Wengi hukosea katika umbo: huchimba shimo lililonyooka kama la nguzo, na mchanga hubana mayai yakakosa hewa. Shimo la kasa ni mtungi, nasi hatuna sababu ya kujiona mafundi kumpita. Tena viota viwili havifukiwi karibu karibu. Huachwa kati yao walau mita moja, kwa kuwa vijusi vikikua hutoa joto lao wenyewe.

Hapo twafikia kosa la pili, ambalo lilikuwa limejificha zaidi kuliko la kwanza; na la kunifurahisha ni kwamba ufunguo wake ulipatikana Afrika. Umepata kumwona yule mjusi wa kichwa chekundu aotaye jua ukutani, akainua na kushusha kichwa kana kwamba anamkubalia mtu asemalo? Mwaka 1966 Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, nchini Senegal, aliyaweka mayai ya mjusi wa jamii hiyo katika joto mbalimbali. Mayai ya joto moja yalitoa majike. Ya joto jingine yakatoa madume. Mpaka siku hizo ilidhaniwa kwamba jinsia ya mnyama wa uti wa mgongo huamuliwa na urithi wake tangu mwanzo, kama ilivyo kwa binadamu. Habari hii ya kwamba hali ya hewa yaweza kuamua nani awe mume na nani awe mke ilikuwa ngeni hata maandishi yake mafupi hayakusikika mbali. Miaka michache baadaye Claude Pieau, huko Ufaransa, aliona jambo hilo hilo kwa kobe, na kufikia mwaka 1980 Yntema na Mrosovsky walikwisha kulithibitisha kwa duvi.

Kwa kasa mpaka u karibu na digrii 29 za sentigredi. Kiota kikiwa baridi kuliko hapo, katika thuluthi ya kati ya siku za kuatamiwa, hutoa madume mengi. Kikiwa na joto zaidi hutoa majike mengi. Na joto likizidi mno hakitoi kitu. Tofauti ya digrii mbili au tatu yatosha kugeuza kiota kizima. Ni tofauti ndogo kuliko ile uionayo ukitoka juani ukaingia chini ya mvinje.

Fikiri sasa juu ya zile nyua na yale masanduku. Katika nchi kadhaa mayai yalikuwa yakitiwa katika masanduku ya povu, yakawekwa kivulini, juu ya ardhi, ili yawe salama. Yalikuwa salama, nayo yalikuwa baridi. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba watu wenye nia njema kabisa walikuwa wakizijaza bahari madume. Mfano mkubwa ni ule wa kasa wa Kemp, ambaye huishi hasa katika Ghuba ya Mexico. Mwaka 1947 Andrés Herrera alipiga filamu katika ufuo wa Rancho Nuevo, Mexico, ikionyesha majike yakipanda mchana kweupe kama ng'ombe waendao mnadani. Baadaye idadi yao ya siku ile ilikadiriwa kuwa 40,000. Mwaka 1985 vilihesabiwa viota 702 kwa msimu mzima. Kati ya miaka hiyo miwili watu walichukua mayai kwa wingi, na nyavu za kamba zikawazamisha wakubwa. Tangu 1978 hadi 1988 mayai yapatayo 22,000 yalipelekwa Padre Island, Texas, katika masanduku yenye mchanga wa huko, kwa matumaini kwamba vitoto vitaujua ufuo huo kuwa kwao. Katika miaka ya mwanzo masanduku yalitoa madume mengi mno. Habari za joto zilipofahamika, joto liliongezwa, na majike yakapatikana. Mwaka 1996 wawili kati yao walionekana wamerudi Texas kutaga.

Kosa laweza kufanyika kwa upande wa pili pia. Huko Terengganu, Malaysia, noa, ambaye ni kasa mkubwa kuliko wote, alikuwa akitaga zaidi ya viota 10,000 kwa mwaka katika miaka ya 1950. Mayai yalivunwa kwa leseni. Tangu 1961 sehemu yake ilinunuliwa ikafukiwa katika ua. Ua ulikuwa wazi, jua likaupiga, na wachunguzi walipopima baadaye waliona kwamba vitoto vilivyotoka karibu vyote vilikuwa vya kike. Kufikia mwisho wa karne viota havikufika 100 kwa mwaka. Siwezi kusema kwamba ua ule ndio uliowamaliza noa wa Terengganu. Mayai yaliyoliwa kwa miaka mingi na nyavu za baharini zina hatia kubwa zaidi. Lakini yule aliyedhani kwamba kuyafukia mayai uani ni kulipa deni alikuwa hajui analipa kwa fedha gani.

Turudi kwetu. Kenya ilipoanza kazi hii kwa mpango, makosa hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na hiyo ni bahati ya mwenye kuchelewa. Mkataba wa Washington wa mwaka 1973 ulikuwa umezuia biashara ya viumbe vilivyo hatarini baina ya nchi na nchi. Mwaka 1993 iliundwa Kamati ya Kuhifadhi Kasa ya Kenya, ijulikanayo kwa kifupi kama KESCOM, ikawaunganisha wavuvi, wanavijiji na maofisa. Mwaka 1995 bahari kutoka Diani hadi Chale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 1997 kikundi cha Watamu, upande wa kaskazini, kilianza kulinda viota kwa njia iliyoonekana ya ajabu kwa wengine: kumpa malipo madogo yule aletaye habari za kiota kilichokutwa, ili habari iwe na faida kuliko mayai. Kazi ya namna hiyo imefika Diani pia. Nayo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yawahesabu kasa kuwa viumbe vya kulindwa.

Hata hivyo ufuo wenyewe umebadilika. Huko Diani hoteli na nyumba zimejengwa karibu na maji, na kuta zimejengwa kuzuia mawimbi. Kasa apandaye akakuta ukuta hutaga chini yake, mahali ambapo bamvua ijayo itayafunika mayai yake, na yai lililozama muda mrefu hufa kwa kukosa hewa. Taa nazo huvipoteza vitoto. Kitoto cha kasa hutoka usiku, mchanga ukiwa umepoa, kikaenda kwenye upande wenye mwanga mkubwa zaidi. Tangu dunia kuumbwa upande huo ulikuwa bahari, na sasa mara nyingi ni ukumbi wa chakula. Kwa sababu hizi kuna viota ambavyo visipohamishwa havina tumaini lolote, na anayevihamisha afanya vyema.

Lakini kuna vile visivyohitaji kuhamishwa, na hapa nina neno langu. Kiota kilicho juu ya bamvua, penye mchanga mkavu juu na unyevu chini, mbali na taa na mbwa, mahali mfano wa fuo tulivu za Chale, hakina haja ya ndoo. Kinahitaji mtu wa kukipitia asubuhi, kukitia alama, na kukifunika kwa wavu wa matundu mapana pakiwa na kenge au mbwa. Kazi hiyo haivutii. Mgeni aliyelipa nauli kutoka Ulaya hapendi kuonyeshwa mchanga mtupu akaambiwa kwamba chini yake mambo yanakwenda vizuri; ataka kuona ua, vibao na tarehe. Pia wako waliopenda kuvitia vitoto katika matangi na kuvilisha siku nyingi, ili wapate kuviachia mbele ya watu kwa sherehe. Kitoto kitokapo mchangani huwa na akiba ya kiini tumboni na nguvu ya kuogelea siku za kwanza pasipo kula, mpaka akipite ukanda wa maadui walio karibu na pwani. Kumfungia ni kuitumia akiba hiyo bure. Mzee wa kaya, ambaye hakusoma habari za Limpus, angefahamu upesi kuliko wengi wetu kwamba kuna vitu ambavyo heshima yake ni kutoguswa.

Nawe usidhani kwamba kuacha ni kutofanya kitu, wala kwamba jibu hilo litafaa siku zote. Mwaka 2018 wachunguzi wa Australia walitangaza kwamba miongoni mwa kasa wachanga wa kawaida waliotoka katika fuo za kaskazini ya Great Barrier Reef, ambako kisiwa cha Raine ndicho chenye viota vingi, zaidi ya 99 katika kila 100 walikuwa majike. Mchanga umepata joto kwa sababu dunia imepata joto. Hapo hata kiota kisichoguswa kimeguswa, kwa mkono mrefu wa viwanda na magari vilivyo mbali nacho. Wengine wamejaribu kuviwekea viota vivuli, wengine kuvinyunyizia maji, na kuna waliorudi kwenye ua, safari hii wakiwa na kipimajoto ndani ya mchanga. Wapandao miti ufuoni nao wanapanda kivuli, iwapo wataipanda nyuma ya mahali pa kutagia, wala si juu yake.

Kiota kikianguliwa, mlinzi hungoja siku mbili tatu, kisha hukifukua kwa mikono. Huyahesabu maganda matupu, huvitoa vitoto vilivyokwama, na yale mayai yasiyoanguliwa huyapasua moja moja, kazi yenye harufu isiyopendeza, ili aone ni lini uhai ulikoma. Yai ambalo ndani yake hamna ila doa dogo la damu lilikufa siku za kwanza, na kama kiota kilihamishwa, aliyekihamisha atatazama chini. Yai lenye kitoto kamili, kilichokunjamana tayari kutoka, lilikufa mwishoni, pengine kwa maji, pengine kwa joto. Yote huandikwa katika daftari: tarehe ya kutagwa, tarehe ya kutoka, idadi ya mayai, kina cha shimo, saa ya kuhamishwa, na jina la aliyeyabeba.